ETI "NI UZEE TU"? Bibi yangu wa Tabora na watafiti wa Hai

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira. Najua wengine mko kafe, dakika zinakatika na mwenye kompyuta kashaanza kuangalia saa, lakini hii nawaomba mvumilie mpaka mwisho. Karibu kila mmoja wetu ana bibi au babu nyumbani. Na hata kama huna, huo uzee wenyewe unakusubiri huko mbele.

Ngoja nianze na kisa kilichonifanya niandike.

Bibi yangu mzaa mama anaishi hapa Tabora mjini, maeneo ya Isevya. Umri wake haumo kwenye karatasi yoyote, ila anakumbuka kwamba Uhuru wa 1961 ulimkuta ana watoto wawili. Pigeni hesabu wenyewe, hapungui miaka 80. Pamoja na umri huo alikuwa anafagia uwanja kila asubuhi, anakwenda sokoni kwa miguu, anaanika matobolwa yake mwenyewe. Ukimwamkia "shikamoo Bibi" anaitika marahaba huku mkono bado unafanya kazi.

Siku moja usiku akateleza akienda chooni. Hakuvunjika popote. Tukamshukuru Mungu, na mama mkubwa akatoa amri: Bibi asiguse kitu, alale mpaka apone. Tukamlaza wiki tatu. Chakula kitandani, maji kitandani, kila kitu kitandani. Tuliona tunamheshimu mzee wetu.

Wiki tatu zilipoisha, Bibi akataka kusimama. Miguu ikagoma.

Tukampeleka kituo kimoja cha afya. Yule mhudumu hata hakumgusa. Aliuliza, "Ana miaka mingapi?" Tukasema zaidi ya 80. Akajibu, "Huu ni uzee tu. Mrudisheni nyumbani apumzike." Tukapewa panadol, tukarudi.

Baada ya siku chache mambo yakawa mabaya zaidi. Usiku Bibi akaanza kuongea na babu, ambaye alifariki zamani sana. Mimi akaniita kwa jina la mjomba. Alitaka tumfungulie mlango atoke gizani. Kulipokucha mtaa ulikuwa na habari tayari. Nilimsikia kwa masikio yangu mama mmoja akisema bombani, "Yule bibi anatoka usiku. Na yale macho yake mmeyaona yalivyo mekundu?"

Ninyi mnaotoka huku kwetu Unyamwezi, au kwa jirani zetu Wasukuma, mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Vikongwe wameuawa Tabora, Shinyanga, Mwanza na mikoa ya jirani kwa kuitwa wachawi, na macho mekundu ndo ushahidi watu waliokuwa wanautoa. Mama wa watu kapika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 60, moshi umemuunguza macho, halafu macho hayohayo yanamtia hatiani. Siku ile niliogopa kweli.

Ndipo nikaingia mtandaoni, nikatafuta usiku mzima. Haya ndiyo niliyoyapata.

KUMBE KUNA WANAOLIPIMA JAMBO HILI

Kuna fani nzima ya utafiti inayohusu hali ambayo mimi nitaiita udhaifu wa uzeeni. Hiyo hali na uzee ni vitu viwili tofauti. Uzee ni hesabu ya miaka. Udhaifu wa uzeeni ni pale mwili unapoishiwa akiba, kiasi kwamba jambo dogo tu linamwangusha mtu.

Sisi watu wa Tabora tunaweza kulielewa kirahisi kwa mfano wa misafara. Mji huu umekua kwa sababu ya njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanabeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi. Sasa chukua misafara miwili imefika kwenye mto uliofurika. Mmoja una posho ya wiki nzima, unakaa siku tatu maji yapungue, unaendelea. Mwingine posho imeisha jana. Mto ni uleule na siku ni zilezile tatu, lakini huu wa pili watu wake wataanguka njiani.

Mwili ndivyo ulivyo. Kijana akipata homa au kuhara, anatumia akiba yake, baada ya wiki yuko uwanjani. Mzee mwenye akiba naye anapona. Mzee aliyeishiwa akiba, homa hiyohiyo inamlaza kitandani, na pengine hainuki tena.

Na akiba hiyo haifuati miaka peke yake. Kuna mfano hapahapa kwetu, kwenye lile tembe la Kwihara nje ya mji. David Livingstone alifika pale na Stanley Februari 1872. Huyu mtu alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari mpaka bahari kati ya 1854 na 1856, na homa za njiani zilimpata nyingi tu akapona. Alipoondoka Kwihara Agosti 25, 1872 alikuwa na miaka 59. Hata uzee wenyewe ulikuwa bado. Lakini kuhara damu na miaka ya shida vilikuwa vimeshakula akiba yote. Mwishoni ikabidi abebwe kwenye machela, na Mei 1, 1873 akafariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Bibi yangu yuko zaidi ya 80 na alikuwa anafagia uwanja! Kwa hiyo miaka peke yake haikwambii kitu.

ALAMA TANO

Mwaka 2001 daktari wa Marekani anayeitwa Linda Fried na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 65 na kuendelea. Wakasema tuangalie mambo matano:

1. Mtu amekonda bila kukusudia, kama kilo 4 na nusu au zaidi kwa mwaka.
2. Anajisikia amechoka muda wote, kila kitu kwake ni mzigo.
3. Nguvu ya kiganja imepungua. Kuna kifaa cha kuminya kinachopima.
4. Anatembea polepole.
5. Shughuli zake zimepungua sana.

Mwenye matatu au zaidi yuko kwenye udhaifu. Mwenye moja au mawili yuko mlangoni. Asiye na hata moja yuko imara, hata kama nywele zote ni nyeupe. Na walipofuatiliwa kwa miaka, wale wenye udhaifu walianguka zaidi, walilazwa hospitali zaidi na walikufa mapema zaidi kuliko wenzao.

Kanada nako kuna Kenneth Rockwood na wenzake waliokuja na njia nyingine: unahesabu upungufu wote alionao mtu, macho, masikio, kumbukumbu, maradhi, mwendo, kisha unaona umefikia kiasi gani. Mantiki ni ileile. Kasoro moja mwili unaihimili, zikirundikana ndo tatizo.

Najua kuna mdau atasema, "Aah, hayo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Subiri.

TWENDE HAI

Utafiti wa aina hii umefanyika Tanzania, wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Kwa nini Hai? Kwa sababu tangu 1992 kulikuwa na mradi wa kuhesabu watu kaya kwa kaya na kuandika vifo na sababu zake. Kwa hiyo watafiti walikuwa na orodha ya kuanzia. Madaktari wa KCMC Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza akiwemo Profesa Richard Walker, wameshafanya tafiti nyingi pale kuhusu wazee: kiharusi, ugonjwa wa kutetemeka, kusahau, na huu udhaifu.

Katika utafiti wa udhaifu, vijiji vitano vilichaguliwa na wazee zaidi ya 1,200 wenye miaka 60 na kuendelea wakapimwa kwanza kwa kipimo kifupi. Kisha baadhi yao wakafanyiwa uchunguzi kamili: mwili, akili, dawa, chakula, nani anaishi naye, anaweza kujifanyia nini mwenyewe. Matokeo yalitoka 2018. Karibu mzee mmoja kati ya watano alikuwa na udhaifu.

Liangalieni jibu hilo pande zote mbili. Mmoja kati ya watano ni wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wa miaka 60 na zaidi kama milioni 3.5 nchi nzima. Lakini maana yake pia ni kwamba wanne kati ya watano HAWAKUWA na udhaifu. Ingekuwa "ni uzee tu", wangekuwa nao wote, si ndiyo?

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyotengeneza vipimo vya mazingira yetu. Vipimo vya kumbukumbu vya Ulaya vinamtaka mzee aandike, achore, asome. Sasa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu utasema ana ugonjwa wa akili? Wao wakatengeneza maswali mafupi ya kuuliza kwa mdomo. Leo ni siku gani? Kiongozi wa hapa kijijini ni nani? Daraja ni nini? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kisha mzee anapewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Ni njiti za kiberiti tu, jamani, na kinafanya kazi!

Utafiti mwingine wa hukohuko Hai, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba kati ya kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, 6 hivi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Unakuja taratibu, miezi na miaka. Mtu anapotea njia ya kwake, anasahau majina ya watoto, anarandaranda usiku. Uchawi haumo hapo.

Halafu kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache. Hili ni jambo jingine kabisa na ni dharura. Mzee mwenye akiba ndogo akipata maambukizi ya mkojo, malaria, vichomi, akipungukiwa maji mwilini au akimeza dawa isiyomfaa, ubongo ndio unaoyumba kwanza. Pengine hata homa kali hana. Anaongea na waliokufa, hawatambui wa nyumbani. Chanzo kikitibiwa mapema, mara nyingi akili inarudi.

Niliposoma hapo nikafunga kompyuta nikaenda kumwamsha mama mkubwa.

KILICHOTOKEA KWA BIBI

Tulimpeleka hospitali nyingine asubuhi ileile. Safari hii tulikutana na daktari kijana aliyetusikiliza. Akapima mkojo, akapima damu. Bibi alikuwa na maambukizi ya mkojo na damu yake ilikuwa chini. Akapewa dawa. Siku ya nne aliniita kwa jina langu, akauliza kwa nini nimekonda. Nikatoka nje kidogo nikajifuta machozi, sioni aibu kusema.

Miguu sasa ikawa kazi nyingine. Daktari yule alitueleza kwamba lile kosa la wiki tatu kitandani ni la kwetu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007 ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10! Sasa fikirieni bibi yetu wiki tatu.

Na upande wa pili, mwaka 1990 huko Boston walichukuliwa wazee 10 wenye miaka 86 mpaka 96, waliokuwa wanaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wakafanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa wa watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89. Kundi lililofanya mazoezi ya kutembea na kuimarisha miguu lilipoteza uwezo wa kutembea kwa kiwango kidogo kuliko lile lililopewa masomo ya afya tu.

Kwa hiyo msuli wa mzee nao unajifunza. Si kama wa kijana, lakini unajifunza.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani. Nilisema Bibi ainuke na kukaa kwenye kiti mara tano asubuhi na mara tano jioni, na atembee uwanjani akishikwa mkono. Mama mkubwa akaja juu: "Mwanangu, unataka majirani waseme tunamtumikisha mama yetu?" Na mimi namwelewa. Kwetu mzee kukaa kitako akiletewa kila kitu ndiyo heshima yenyewe. Tulibishana siku mbili. Aliyetuamua ni Bibi mwenyewe: "Nileteeni hiyo mboga nichambue. Mimi si mgeni hapa."

Tukabadilisha na chakula pia. Alikuwa anakula ugali na mlenda tu kwa sababu meno hayapo. Sasa anapata maharage yaliyoiva sana, yai, uji wa karanga, dagaa wa Kigoma waliosagwa. Msuli haujengwi na ugali peke yake.

JIPIMIENI NYUMBANI

Hivi viwili havihitaji kifaa chochote zaidi ya simu yenye saa:

Kwanza, pimeni mita nne chini, chora mstari. Mzee atembee mwendo wake wa kawaida, na fimbo yake kama anayo. Akizidisha sekunde 5, mwendo wake ni wa polepole, ni dalili ya kufuatilia.

Pili, kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Mikono akunje kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo. Akizidisha sekunde 15, miguu ina udhaifu. Simama karibu naye, asije akaanguka ukiwa unaangalia saa.

Hiyo siyo hukumu wala siyo ugonjwa. Ni sababu ya kwenda hospitali ukiwa na maswali badala ya kusubiri kuambiwa "ni uzee". Uliza: damu yake ikoje? Presha ikipimwa akiwa amesimama inashuka? Dawa anazomeza zote bado zinahitajika? Macho yana mtoto wa jicho? Anasikia? Anakula nini, na anaweza kutafuna? Usiku anakwendaje chooni, kuna taa? Na msisahau kumuuliza kama ana huzuni, maana mpweke naye anadhoofika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na kwamba wasio na uwezo watibiwe bure. Vituo vingi vimeweka dirisha la wazee. Vizuri. Ila dirisha halisaidii kama aliyekaa nyuma yake anauliza umri halafu anafunga faili. Hapo ndo sisi vijana tunaosoma mitandaoni tunapohitajika, twende na wazee wetu tukaulize.

Mara ya kwanza Bibi alitembea mita nne kwa sekunde 11. Juzi nimempima, sekunde 7. Bado hajafika 5, na labda hatafika. Sokoni haendi tena. Lakini anatoka na fimbo mpaka chini ya mwembe, anachambua mboga, na yule mama wa bombani siku hizi anapita kumsalimia, "Mwangaluka Bibi." Anaitika.

Mimi nikikumbuka usiku ule naona kitu kimoja. Mhudumu aliposema "ni uzee tu", na majirani waliposema "ni mchawi", wote walikuwa wameshapata jibu, kwa hiyo hakuna aliyeangalia tena. Jibu lilikuwa kwenye kikopo cha mkojo.

Haya wadau, nawasilisha. Mzee wa kwenu anatembea mita nne kwa sekunde ngapi? Mpimeni wikiendi hii mje mniambie hapo chini. Na kama kuna muuguzi au daktari anasoma, tusahihishe na utuongezee. Wale wa nje ya Tabora, huko kwenu mzee akianza kusahau watu wanasemaje?

Tuko pamoja.